Nyumba Iliyochongoka Kama Pasi ya Mkaa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ujenzi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nina watoto watatu, tunaishi Aurora katika jimbo la Colorado, Marekani. Kila jioni napanda basi namba 15 la barabara ya Colfax kwenda katikati ya Denver, ambako nafanya usafi wa ofisi usiku. Nikishuka napita kwenye jengo la mawe mekundu lililochongoka kama pasi ya mkaa. Ni hoteli ya zamani, inaitwa Brown Palace. Mwanangu wa darasa la saba amepewa kazi shuleni: achague jengo moja la mjini aeleze nani alilijenga. Kachagua hilo, kisha akaniuliza mimi. Nimeuliza kazini, kila mtu ananitajia tajiri aliyetoa pesa. Aliyelichora ni nani? Alikuwa mtu wa namna gani? Na kwa nini alilifanya la pembetatu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole kijana kwa kazi ya shule. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani, kwa sababu jengo hilo nimelikanyaga. Mwaka 2017 binti yangu alipokuwa anasoma Boulder nilikwenda kumtembelea, naye siku moja akanipeleka Denver kunywa chai katika ukumbi wa hoteli hiyo. Yeye alikunywa chai. Mimi nilikaa nimeinua shingo saa nzima, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama najisikia vibaya.

Aliyelichora anaitwa Frank Edbrooke. Alizaliwa mwaka 1840 jimboni Illinois, si mbali na Chicago. Baba yake alikuwa mjenzi aliyehamia kutoka Uingereza, na kwa baba huyo ndiko Frank alikojifunzia kazi, yeye na mdogo wake Willoughby. Mwandikishe mwanao jambo hilo mwanzoni kabisa. Hakupitia chuo cha usanifu. Alipigana vitani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akarudi, akafanya kazi za ujenzi wa kampuni ya reli ya Union Pacific. Alipofika Denver mwaka 1879 alikuwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini, na hakuja kama msanifu mkubwa. Alikuja kusimamia.

Hapo nakuomba uwe na subira nami kidogo, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi miaka 31: msimamizi wa kazi. Msimamizi ndiye anayefika saiti kabla ya saruji kuchanganywa, anayepima kwa kamba na timazi, anayesema "bomoa urudie" wakati mwenye nyumba hayupo na mchoraji yuko ofisini kwake. Ramani za majengo mawili makubwa ya kwanza aliyosimamia Denver zilikuwa za ndugu hao wawili, lakini Willoughby alikuwa na kazi zake Chicago. Frank ndiye aliyesimama vumbini Denver. Willoughby baadaye alipanda akawa msanifu mkuu wa majengo ya serikali ya Marekani kule Washington, na ukisoma vitabu utakuta jina lake kubwa kuliko la kaka yake. Nenda Denver uulize nani aliacha alama mtaani.

Sasa Denver yenyewe. Ulizaliwa Kigoma, kwa hiyo unajua reli inavyoupa mji uhai. Denver ilianza na wachimba dhahabu mwaka 1858. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 4,749. Sensa ya 1870 ikahesabu 4,759. Miaka kumi, watu kumi! Katikati hapo mji uliungua mwaka 1863, mwaka uliofuata ukakumbwa na mafuriko ya kijito cha Cherry Creek, na reli kuu ya kuvuka Marekani ikaukwepa ikapita Cheyenne, kaskazini. Wenyeji wakachanga wakajenga reli yao wenyewe ya maili 106 kwenda kuikamata ile kubwa. Ilifika mwaka 1870. Ukitazama sensa zinazofuata ndipo utaelewa kilichotokea: 35,629 mwaka 1880, na 106,713 mwaka 1890. Mji ulioongezeka namna hiyo unataka maduka, makanisa, hoteli, benki, shule, vyote kwa mara moja. Na baada ya ule moto wa 1863 sheria ya mji ilitaka watu wajenge kwa tofali, si kwa mbao. Ndiyo maana unapotembea Denver unaona wekundu kila upande.

Aliyemleta Edbrooke ni Horace Tabor. Huyu alikuwa mwenye duka huko milimani Leadville. Mwaka 1878 aliwapa wachimbaji wawili vyakula na vifaa vya thamani ya dola kama 17 kwa makubaliano kwamba wakipata kitu, theluthi moja ni yake. Wakapiga mshipa wa madini ya fedha. Tabor akawa tajiri asiyejua afanyie nini mali, akashuka Denver kujenga. Kwanza Tabor Block katika mtaa wa 16 na Larimer, mwaka 1880. Kisha jumba la maonyesho, Tabor Grand Opera House, kwenye kona ya mtaa wa 16 na Curtis, ghorofa tano za tofali na mawe, lililofunguliwa Septemba 1881. Mji ambao miaka 11 kabla ulikuwa na watu wasiotimia elfu tano ukawa na jumba la opera. Usiende kulitafuta. Lilibomolewa mwaka 1964, na pale sasa pana tawi la benki kuu. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila kuumia.

Kazi ya Tabor ilipokwisha Edbrooke hakurudi Chicago. Alifungua ofisi yake hapo hapo. Miaka kumi iliyofuata ndiyo miaka yake ya mavuno, na sitakutajia yote. Yatazame matatu: jengo la Masonic katika mtaa wa 16 na Welton, la 1889; hoteli ya Oxford karibu na stesheni ya Union, ya 1891, ambayo mpaka leo inapokea wageni; na jengo kuu la Loretto Heights kusini-magharibi mwa mji, la mawe mekundu na mnara, alilowajengea masista mwaka huohuo wa 1891. Lile la Masonic liliungua ndani mwaka 1984. Kuta zake za nje zikaokolewa, zikajengewa jengo jipya ndani, nami naona walifanya vyema, ingawa najua wapo wenzangu wanaoita hilo kuvaa ngozi ya marehemu.

Sasa tufike kwenye pasi yako ya mkaa.

Henry Brown, ambaye hoteli ina jina lake, alikuwa seremala. Alifika Denver mwaka 1860, akajitwalia ekari 160 za kilima kikavu nje ya mji ambacho hakuna aliyekitaka. Mji ulipopanda kilima akawa tajiri wa viwanja. Kipande kimoja kilichobaki kilikuwa na umbo baya, na inasimuliwa kwamba alikuwa akilishia ng'ombe wake hapo.

Umbo hilo baya ndilo jibu la swali lako la tatu. Mitaa ya kwanza ya Denver ilipangwa kufuata kijito na mto, kwa hiyo imelala mshazari. Mitaa ya baadaye, ile ya juu ya kilima cha Brown, ilifuata vipimo vya serikali, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. Mipango hiyo miwili inagongana kwenye barabara ya Broadway, na inapogongana inaacha viwanja vya pembetatu. Kiwanja cha Brown kimebanwa kati ya Broadway, Tremont na mtaa wa 17. Edbrooke hakuchagua pembetatu. Alipewa.

Lakini mpe mwanao karatasi achore mwenyewe aone alivyoitumia. Hoteli ya umbo la sanduku ina vyumba vya mbele vinavyotazama barabara, na vya nyuma vinavyotazama ua wa jikoni na mapipa ya taka. Mgeni wa chumba cha nyuma hulipa kidogo na hunung'unika sana. Edbrooke akapanga vyumba kufuata pande tatu za kiwanja, vyote vikatazama barabarani. Nyuma ikakosekana kabisa. Katikati likabaki tundu, nalo hakuliacha liwe kisima cha giza. Alilifanya ukumbi wenye kina cha ghorofa nane, ukizungukwa na varanda za reli za chuma cha kusubu, juu akaufunika kwa kioo cha rangi. Ndipo niliposhika shingo. Mwanga unashuka kutoka juu ukiwa umekwisha kulainishwa na kioo, unapita varanda moja baada ya nyingine, unafika chini ukiwa na rangi ya asali. Ukutani ameweka jiwe la oniksi kutoka Meksiko, futi za mraba 12,400, jiwe lenye mawingu ndani yake kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai. Nililigusa. Mhudumu aliniona, hakusema kitu.

Kwa nje amepandisha graniti nyekundu ya Colorado chini, na juu yake jiwe la mchanga jekundu kutoka Arizona. Graniti inavumilia maji na miguu ya watu, jiwe la mchanga linachongeka. Kila jiwe limewekwa pale linapofaa. Jiwe la mchanga lina udhaifu wake, linaliwa na baridi na maji, na wenye hoteli wamelazimika kulikarabati. Kwenye ghorofa ya saba, kati ya madirisha, mchongaji James Whitehouse alichonga wanyama wa Colorado ndani ya duara za mawe, duara 26. Watu wengi wanaofanya kazi mtaa huo hawajawahi kuwaona kwa sababu hakuna anayetazama juu.

Kazi hiyo iligharimu dola milioni 1.6, na samani dola 400,000 nyingine. Ilifunguliwa Agosti 1892. Chini yake kuna kisima kirefu, zaidi ya futi 700, na maji yake bado yanatumika. Edbrooke alikuwa na umri wa miaka 51.

Mwaka uliofuata mji ukaanguka.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na Denver ya 1893 ndiyo mahali pa kuelewa kwa nini. Utajiri wote niliousimulia ulitoka kwenye madini hayo. Juni 1893 serikali ya Uingereza huko India ilifunga mitambo ya kufua rupia za fedha kwa yeyote aletaye madini. Rupia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa na Pangani kwetu. Babu yangu alikuwa akilipwa kwayo. Bei ya madini ya fedha ikaporomoka duniani kote kwa siku chache. Migodi ya Colorado ikafungwa. Katikati ya Julai, benki 12 za Denver zilifunga milango ndani ya siku tatu. Novemba, serikali ya Marekani ikafuta sheria iliyokuwa ikiilazimu kununua fedha. Tabor alipoteza kila kitu, hata lile jumba la opera, akafa mwaka 1899 akiwa mkuu wa posta ya Denver. Brown alizama kwenye madeni, na hoteli ikaishia mikononi mwa mtu mwingine aliyetajirika na dhahabu ya Cripple Creek.

Na wasanifu? Nataka mwanao ajue habari za mmoja, William Lang. Huyu alikuwa na kipawa cha nyumba za kuishi, kuta za mawe yaliyochongwa kwa ukali, madirisha ya vioo vya rangi, hakuna nyumba mbili zinazofanana. Nyumba yake ya 1889 katika mtaa wa Pennsylvania leo ni makumbusho, inajulikana kwa jina la Molly Brown, yule mama aliyenusurika meli ya Titanic. Aliyejengewa kwanza alipigwa na anguko la bei ya fedha, akaiuza. Baada ya 1893 hakuna aliyekuja kwa Lang kujenga nyumba. Akaingia kwenye ulevi, akaondoka Denver, na mwaka 1897 akagongwa na treni huko Illinois. Nimesimama mbele ya ile nyumba nikafikiria mikono iliyoichora.

Edbrooke alibaki. Sisemi alikuwa bora kuliko Lang. Kwa nyumba za kuishi hakuwa. Lakini Lang alitegemea matajiri wapya waliotaka makazi, na Edbrooke alikuwa ameshika watu wa aina nyingi: makanisa, masista, wenye maduka, serikali. Mwaka 1894, wakati wengine wamefunga ofisi, alikuwa akijenga Denver Dry Goods, duka kubwa la tofali nyekundu katika mtaa wa 16 na California, ambalo lilizidi kuongezwa kipande baada ya kipande mpaka baada ya kifo chake. Leo ni maduka, ofisi na makazi ya watu. Inawezekana kabisa umewahi kufagia humo.

Na kuna jengo la serikali ya jimbo, lile lenye kuba la dhahabu ambalo basi lako linalipita. Ardhi yake, ekari kumi, ilitolewa na Henry Brown yuleyule mwaka 1868. Serikali ikakaa miaka bila kujenga, Brown akakasirika akataka kiwanja chake, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1886. Mchoro ulikuwa wa Elijah Myers, msanifu wa majumba ya serikali za Michigan na Texas. Mwaka 1889 wakamwondoa ili kupunguza gharama, wakabaki na michoro yake. Baadaye Edbrooke ndiye aliyeitwa kuikamilisha kazi. Kukamilisha kazi iliyoachwa na mwingine ni unyenyekevu mkubwa, na wasanifu wengi hawauwezi. Unachukua mstari wa mtu mwingine, unaufuata mpaka mwisho wake, na kibao hakitakutaja kwanza.

Aliendelea kujenga mpaka alipopita miaka sabini. Mwaka 1910 alimaliza jengo la kampuni ya gesi na umeme katika mtaa wa 15 na Champa, akalivika taa za umeme kama 13,000 ukutani kwa nje. Mwaka 1915 likakamilika jengo la makumbusho ya jimbo, la marumaru nyeupe ya Colorado, katika mtaa wa 14 na Sherman. Alifariki California mwaka 1921.

Kwa hiyo fanya hivi, Jumapili moja usiyokwenda kazini. Shukeni kwenye basi pale kwenye kuba la dhahabu. Vukeni upande wa kusini mlione lile la marumaru, mgeuke mfuate Sherman kuelekea kaskazini mpaka kanisa la Central Presbyterian karibu na mtaa wa 17, la mawe mekundu, la 1892, nalo ni lake. Kisha teremkeni Broadway. Ni mwendo wa dakika kumi na tano hivi, na mtakuwa mmepita miaka zaidi ya ishirini ya kazi ya mtu mmoja. Mkifika kwenye hoteli mwanao ainue kichwa awahesabu wanyama mpaka watimie 26. Kisha ingieni ndani. Ukumbi ule ni wa watu wote, usimame na mwanao katikati, wala usijione kwamba umekosea mlango.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita Morogoro. Napenda kuchora majengo lakini hesabu zinanipiga chenga, na mjomba wangu fundi ananiambia niache shule niende naye saiti, kwamba zamani wasanifu walijifunza kwa kufanya. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwa zamani, mwanangu, na mjomba wako hajakudanganya. Edbrooke niliyemweleza hapo juu alijifunza kwa baba yake, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake Colorado haikuwa na leseni ya wasanifu. Yeyote aliyeweza kumshawishi mwenye pesa aliitwa msanifu. Leseni zilianza huko mwaka 1909, na namba moja akapewa Robert Roeschlaub, mzee aliyekuwa amekwisha kujenga Denver miaka zaidi ya thelathini. Fikiria mtu amejenga makanisa na mashule, kisha ndiyo anapewa karatasi ya kumruhusu.

Kwa leo jibu ni hapana. Tanzania mtu hawezi kujiita msanifu majengo bila kusajiliwa na bodi, na bodi inataka shahada, kisha miaka ya kazi chini ya aliyesajiliwa, kisha mtihani. Siilaumu sheria hiyo. Nimeona ghorofa lililochorwa na mtu asiyejua uzito wa zege.

Mimi nilikuwa binti wa mwashi wa Pangani. Baba alinifundisha kuchoma chokaa na kulipanga jiwe la matumbawe kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilipokwenda chuo cha ufundi nilikuta wenzangu wanajua hesabu na hawajui jiwe, nami kinyume. Hesabu nilizipata kwa machozi, lakini nilizipata, kwa sababu kila fomula niliyopewa nilikuwa nimekwisha kuiona ikisimama ukutani. Miaka ya baadaye kampuni moja niliyosimamia kazi yake ya ghorofa sita iliandika ubaoni majina ya kila mtu mpaka muuza kokoto, langu likaachwa. Niliumia sana. Nilikwenda nikamaliza kazi, na ukuta ule hauna ufa.

Kwa hiyo nenda na mjomba wakati wa likizo. Chukua daftari la hesabu uende nalo. Muombe akupe boriti moja, umweleze kwa nini ina nondo nyingi chini kuliko juu. Ukiweza kumweleza akaelewa, hesabu hazitakupiga chenga tena.

SWALI: Asalaam alaikum mama. Mimi ni fundi wa Likoni, Mombasa. Mwaka jana uliandika kwa kifupi kuhusu hoteli ya Marekani yenye tundu la ghorofa nane katikati, ukasema haina mbao na haishiki moto. Nina maswali mawili. Jengo lenye tundu kubwa namna hiyo halibonyei kwa ndani? Na chuma kisichoshika moto nimekiona kikipinda kama mkate kwenye ghala lililoungua. Imekuwaje hicho? Nimekutumia pia picha ya ufa kwenye nyumba moja ya hapa Likoni.

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Swali lako la pili ni la mtu aliyetazama kwa makini, nitaanza nalo.

Umeona sawa. Chuma hakiungui, lakini kinalegea. Chicago ilipoungua mwaka 1871 yalianguka majengo ambayo wenyewe waliyaita salama kwa moto, kwa sababu nguzo na boriti zilikuwa za chuma kilicho wazi. Wajenzi wakajifunza kukivika. Walitengeneza vigae vinene vya udongo wa kuchoma, vyenye matundu ndani kama mzinga wa nyuki, wakazungushia nguzo, wakavipanga kati ya boriti kufanya sakafu, wakajengea kuta za kugawa vyumba. Udongo uliopita tanuri umekwisha kuungua, hauwezi kuungua tena, na hewa iliyomo kwenye matundu inachelewesha joto lisifike kwenye chuma. Vilevile ni vyepesi kuliko tofali nzima, kwa hiyo msingi unapumua. Hivyo ndivyo Edbrooke alivyofanya Brown Palace. Ilimlazimu, kwa sababu tundu la ghorofa nane bila tahadhari hiyo ni bomba la moshi: moto ukianza chini, ghorofa zote zinaupata kwa pamoja.

Kuhusu kubonyea: tundu halibebi kitu, wala halivutwi na kitu. Uzito wa kila ghorofa unashuka kwenye nguzo zilizopangwa kandokando, na sakafu za ghorofa zinalizunguka tundu pande zote bila kukatika, kila moja ikizishika nguzo zisiinamie ndani. Chukua kapu la ukili lisilo na kitu ulibonye ubavuni, utasikia pete zake zinavyokataa. Sasa kata pete mbili ulibonye tena.

Picha ya ule ufa wa nyumba ya Likoni uliyonitumia haionyeshi vizuri unaanzia wapi. Piga nyingine asubuhi jua likiwa la ubavuni, weka sarafu kando ya ufa nipate kipimo, na uniandikie kama mlango wa chumba hicho umeanza kukwama.